Fulana ya Kumi na Moja

Watu wa siku hizi wakiniambia wanajua mpira, huwa nawaangalia tu. Mimi mpira wa wasomi niliuona miaka ya hamsini, masika yalipokwisha, kwenye chuo kimoja cha misheni upande wa ziwa, kabla hujafika Karema. Pale walikuwa wanatengeneza walimu. Mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi, alikuwa mmoja wa waliokuwa wanatengenezwa, na aliyempeleka pale ni mimi.

Mimi mwenyewe darasani niliingia, nikatoka. Kwetu kijijini Mamba ndege walikuwa wanamaliza mpunga na mtu wa kuwafukuza hayupo, kwa hiyo mwalimu alipoteza mwanafunzi na ndege wakapata adui. Baadaye nikaenda Mpanda mgodini, nikasukuma matoroli ya mawe ya madini ya risasi mpaka wakachoka kunitazama nikisukuma, wakanifanya nyapara. Nikajenga nyumba ya matofali Kawajense, hapo hapo Mpanda. Sikubebwa na mtu. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani anasoma maneno ya mtu asiye na kazi, anayezurura kutafuta mipira.

Ila mdogo wangu alikuwa amesema kwamba siku ile Padri atachagua timu ya chuo itakayopanda treni kwenda kucheza Tabora. Mimi mgodini nilikwisha kutangaza kwamba amechaguliwa. Sikuona sababu ya kumsubiri Padri kwa jambo lililo wazi.

Tulikwenda na lori lililokuwa linarudi ziwani kuchukua samaki wakavu. Nasema tulikwenda kwa sababu mke wangu alikataa kubaki. Nilimwambia mpira si mambo ya wanawake. Akaniuliza mimi niliucheza wapi. Nikamwambia apande lori.

Naye alikuwa na neno lake moyoni. Tangu huyu shemeji yake aende chuo alikuwa amebadilika. Zamani walikuwa hawawezi kukaa jikoni pamoja bila kutukanana, mke wangu akimwita mume mdogo, yeye akimwambia ugali wake unafaa kuzibia ufa wa ukuta. Ndiyo heshima ya shemeji kwetu. Sasa likizo mbili mfululizo alikuwa anaingia nyumbani, anampa mkono kama karani wa bomani, anauliza habari za afya, anakaa kitini na kunyamaza. Mke wangu alisema, "Huyu wametuibia. Wameturudishia mgeni." Nilimwambia hiyo ndiyo elimu. Akasema basi waipunguze.

Tukafika, tukasimama pembeni ya uwanja. Uwanja ulikuwa mzuri sana, isipokuwa ulikuwa umelala upande mmoja kuelekea ziwani, na katikati masika yalikuwa yameacha dimbwi ambalo Padri aliliheshimu, hakutaka lisumbuliwe. Mpira ulikuwa mmoja, wa ngozi, umeshonwa kama jeraha. Wachezaji wote peku.

Sasa sikiliza utaratibu wa wasomi. Chuo kilikuwa na fulana za mpira kumi na moja, hakuna ya akiba. Kwa hiyo kumi na moja wanavaa fulana, kumi na moja wanacheza matumbo wazi, na Padri ndiye refa. Mwenye fulana akicheza vibaya, Padri anapuliza filimbi, anaonyesha kidole, fulana inavuliwa pale pale anapewa mwenye tumbo wazi anayefaa, nao wanabadilishana pande. Watakaokuwa na fulana filimbi ya mwisho ikilia, hao ndio Tabora. Wengine wanabaki kufyeka.

Jambo zuri kabisa, kwa mtu aliyelitunga. Kwa mshabiki ni mateso. Mtu anafunga bao, unashangilia, unageuka kumwambia jirani yako, ukirudisha macho yule mfungaji amevalishwa fulana na sasa anashambulia lango alilokuwa analilinda. Hesabu ya mabao ilifika mahali nikawaachia wenyewe. Mzee mmoja wa lori letu aliniuliza, "Nani anaongoza?" Nikamjibu, "Padri."

Na wote walikuwa bubu. Sheria ya chuo ilikuwa Kiingereza tupu siku zote isipokuwa Jumapili. Atakayeteleza akasema Kiswahili, au Kipimbwe cha mama yake, anavishwa shingoni kibao cha mbao chenye kamba, anafagia vyoo mpaka amkamate mwenzake aliyeteleza amrithishe. Siku ile ilikuwa Jumamosi. Kiingereza cha kuomba pasi kumbe hawakuwa wamefundishwa bado, kwa hiyo mtu akitaka mpira anapunga mikono kama anayezama. Neno walilokuwa nalo wote ni sori. Anampiga mwenzake teke la ugoko, anasema sori, yule aliyelala chini anajibu tenkyu. Mgodini kwetu mechi ya namna hiyo ingevunjwa kwa huzuni.

Mdogo wangu alianza tumbo wazi, pembeni kushoto. Aliyevaa fulana ya pale alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mzuri, nywele zina njia, na kitana amekichomeka kiunoni kwenye bukta. Acha nikuambie, mdogo wangu alikuwa na mbio za mtu aliyekulia Mamba kufukuza ndege baada ya mimi kuacha. Alimpita mwenye kitana mara ya kwanza, mwenye kitana akapanga nywele. Akampita tena, akatia krosi, ikawa bao. Filimbi ikalia, kidole cha Padri kikatoka, na fulana ikahama.

Nilisimama vizuri ili watu wote waone mimi ndiye ndugu yake. Hata wasiouliza niliwaambia.

Ilikuwa imebaki sehemu ndogo tu ya mchezo. Kilichotakiwa ni mdogo wangu abaki nayo mwilini, basi. Ng'ombe angeweza. Hapo ndipo mpira ukatoka nje, ukabingirika mpaka miguuni mwa mke wangu. Mke wangu akauokota, akaukumbatia kifuani.

Mdogo wangu akaja mbio kuurusha. Akanyoosha mikono.

"Mume mdogo," mke wangu akamwambia, "mpira wako umenitembelea. Utaukomboa kwa kitu gani?"

Mdogo wangu akamtazama, akamtazama Padri, akanyoosha mikono tena.

"Sijui lugha ya mikono. Kwetu anayeomba anasema."

Nikamwambia mke wangu, "Mpe mpira watu wacheze."

"Wewe umeingiaje? Hili ni langu na mume wangu huyu."

Na alikuwa na haki, ndilo lililoniuma. Shemeji wakitaniana kaka mtu hana kiti pale. Padri akaja na filimbi yake kidevuni. Alikuwa amekaa nasi miaka mingi, ametubatiza, ametuzika, mambo yetu anayajua kuliko wengine wetu. Akauliza kuna nini. Mke wangu akasema, "Hakuna neno, Padri. Nadai changu kwa shemeji." Padri akakunja mikono. "Haya, mkombozi akomboe. Jua linakwenda."

Kitu kidogo tu kilitakiwa. Tusi moja la kiungwana, mke wangu acheke, mpira urudi. Lakini tusi la Kiingereza mke wangu asingelielewa, na la Kiswahili lilikuwa na kibao nyuma yake, nacho siku ile hakikuwa na shingo, kiranja wa wanafunzi alikuwa amesimama pale amekishika kama mtoza kodi. Mdogo wangu, mwalimu wa kesho, akafikiri kwa akili yote tuliyomnunulia. Kisha akavua fulana, akampa shemeji yake.

Mke wangu akampa mpira. Fulana akaivaa juu ya gauni, papo hapo.

Mchezo ukaendelea. Wenye fulana hawakumpa pasi, maana tumbo lake liko wazi. Wenye matumbo wazi hawakumpa, maana walikuwa wametimia. Alipanda, akashuka, akapunga mikono, hata dimbwi lilipata mpira mara nyingi kuliko yeye. Filimbi ya mwisho ikalia hivyo hivyo.

Padri akawapanga wenye fulana mstari mmoja. Walikuwa kumi. Mke wangu akaenda akasimama mwisho wa mstari, kidevu juu.

"Na wewe, mama, unacheza wapi?" Padri akauliza.

"Pembeni kushoto. Tangu huyu alipoacha nafasi."

Watu wa lori letu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikukaa.

Padri hakucheka, au alichekea ndani ya ndevu, huko sikuona. Akamgeukia mdogo wangu. "Fulana nilikupa wewe, wewe umempa yeye. Mimi simdai. Ukiikomboa sasa hivi, unakwenda Tabora. Usipoikomboa, nitamwomba mama kwa adabu, na itavaliwa na huyu." Huyu alikuwa mwenye kitana, naye alikwisha kuinua mikono juu tayari kuvalishwa.

Mdogo wangu akaanza kumweleza Padri kwa Kiingereza, kirefu, kizuri sana, nadhani. Padri akamkata. "Usiniambie mimi. Mwambie shemeji yako."

Alikitazama kibao. Akamtazama mke wangu. Nilidhani atakaa kimya, na kama angekaa kimya, sijui ningerudi Kawajense na uso wa nani.

"Shemeji," akasema, kwa Kiswahili chetu, kwa sauti ile ya jikoni, "hiyo fulana imekukaa kama gunia la dagaa lililofungwa katikati. Ivue kabla haijaanza kunuka."

Mke wangu akaweka mikono kiunoni. "Hilo ni la mtoto. Endelea."

"Nakuonea huruma. Ungenisubiri nikue, leo ungekuwa mke wa mwalimu. Ukaona haraka, ukaolewa na mzee wa viatu."

"Viatu vipi?"

"Si vile vya kahawia? Havijamtosha tangu siku ya kwanza, akaona aibu kuvirudisha dukani kwa Mhindi. Kanisani kule Mpanda anakaa benchi la nyuma, anawaambia watu ni unyenyekevu. Anakaa huko ili avivue. Padri akifungua tu mdomo ahubiri, vidole vya nyapara viko nje vinapunga hewa."

Uwanja mzima ukaangalia chini, miguuni kwangu. Nilikuwa nimevivaa.

Mke wangu alicheka akajifuta machozi na fulana ya chuo. "Nimeshiba, mume mdogo. Umerudi." Akashika pindo la fulana kama anataka kuivua, kisha akaacha. "Ila pengine ni uongo, na kwa uongo sitoi kitu. Mwenye viatu aseme mwenyewe."

Wakageuka wote kwangu: walimu wa kesho, watu wa lori ambao Jumatatu wangekuwa Mpanda na midomo yao, na Padri. Mwenye kitana bado ameinua mikono. Mdogo wangu alinitazama kama alivyokuwa ananitazama akiwa mdogo, nikimvusha mto. Mimi ni mtu niliyeongoza wanaume chini ya ardhi, nikasema neno moja wakanyamaza. Vidole vyangu, humo ndani, vilikuwa vinaungua.

"Ni kweli," nikasema.

"Padri hajasikia," mke wangu akasema.

"Ni kweli, Padri. Vinanibana."

Fulana ikavuliwa juu ya gauni, ikarudi kwa mwenyewe. Alipomaliza kuivaa, kiranja akamvisha kibao juu yake bila kuchelewa, na mdogo wangu akainamisha kichwa kukipokea, huku bado anamwambia shemeji yake kwamba sasa itabidi ifuliwe mara mbili. Mwenye kitana akashusha mikono, akapanga nywele.

Padri alinipitia akienda zake. "Lori lenu linaondoka kesho mchana, siyo? Misa ni saa moja asubuhi," akasema. "Ukae mbele."

Nilikaa mbele, na viatu nikiwa nimevifunga kamba mpaka juu. Timu ya Tabora ilikaa mstari wa pili, mdogo wangu na kibao chake nyuma yangu kabisa, namsikia anavyojizuia kucheka. Mahubiri yalikuwa marefu kuliko mechi.