Kamba Iliyorudishwa

Mama muuza kamba wa soko la Kolwezi hupima kwa vidole: huipitisha kamba mkononi polepole, akiwa amefumba macho. Gael alimtazama kwa wasiwasi. Kamba aliyoinunua kwake jana, ambayo sasa alikuwa amemrudishia, ilikwisha kuchomoza nyuzi, na kesho mdogo wake angeteremka nayo kwenye shimo la kobalti.

“Iko muzuri, tata. Na kitu ya kuuzwa hairudi.”

“Kama iko muzuri, mama, jifunge, tukuteremushe!”

Wachimbaji waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. Vidole vikasimama. Mama akampa kamba nyingine, kisha akazilaza kwa mate nyuzi za ile mbovu, akaikunja vizuri, akaitundika tena pamoja na zinazouzwa. Gael hakuondoka. Alifumba macho, akaanza kuipapasa ile aliyopewa, pima kwa pima.