Nyumba ya Feu

Sisi watu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, hatukubali makosa haraka. Lakini hili ni langu, nalikubali.

Mwaka wa kwanza wa vita nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mimi na rafiki yangu wa shule, binti wa karani mmoja wa mtaa wa Mutanga Nord, tulikuwa na kitabu cha zamani cha Kifaransa, kimoja katika mfululizo wa hadithi za msichana mpelelezi. Darasa zima lilikitaka, ila Kifaransa chake kiliwashinda. Basi tukaamua kukigeuza kiwe cha picha, kwenye daftari, kwa Kiswahili chetu. Yeye mwandiko wake ulikuwa mzuri, akaandika maneno. Mimi nilichora. Na kutafsiri pia nikajipa mimi, kwa kiherehere changu. Yule msichana wa Ulaya nikamfunga kitenge, nikampa teksi mbovu ya kusukuma, na mwizi wake nikamhamishia Kiriri kwenye majumba ya wakubwa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Sura ya nne ilianza na "la maison de feu", halafu jina la mzee fulani. Feu ni moto, bwana, nani asiyejua? Nikachora nyumba inaungua. Kichwani nyumba ya kuigiza nilikuwa nayo moja tu, ya kwao rafiki yangu: mlango wa kijani, madirisha mawili, ngazi tatu. Moto nikaupaka kwa kalamu ya biki nyekundu, ukitokea jikoni. Dirishani pakabaki nafasi, nikaweka kivuli cha mwanaume. Sijui kwa nini, mkono tu.

"Eh, we! Unachoma nyumba yetu?" akasema rafiki yangu, anacheka. Akaandika chini yake: Nyumba ya moto.

Wiki haikuisha. Risasi zilianza kwao asubuhi, baba yake akamtuma yeye na mama yake kwetu Buyenzi kwa miguu. Baba mwenyewe atabaki kulinda nyumba, alisema, mchana atakuja. Hakuja.

Siku ya tatu jirani yao alifika uani kwetu akaeleza. Moto ulitokea jikoni. Paa limeanguka, kuta nyeusi, ila mlango wa kijani bado umesimama, umefungwa. Baba hakuna aliyemwona, si mzima wala maiti. Nikaenda kufungua daftari. Jikoni. Mlango umefungwa, sikuupaka moto kwa sababu biki ilikuwa inakwisha. Na yule mwanaume dirishani.

Mama yangu alipouona ukurasa alishika kichwa. "Astaghfirullah! Mutoto, umechora nini hii? Chana!"

Sikuweza. Niliogopa nikichana, nitamchana na yule baba wa dirishani.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa Kifaransa aliliona daftari kwenye meza yangu wakati wa mapumziko, akacheka. "Feu hapa si moto. Maana yake marehemu. Nyumba ya marehemu fulani." Kumbe! Nilitafsiri moto kwa makosa, na moto ukaja. Je, lile neno lenyewe, marehemu, nalo litakuja? Nilimshukuru Mungu kwamba rafiki yangu yuko nje, nikaamua kutomwambia. Nilikuwa mwoga, nasema wazi.

Alasiri ile ile rafiki yangu alifungua ukurasa, akaweka kidole dirishani.

"Huyu ni papa. Mutoe inje."

Biki haifutiki. Nikachora kiboksi kipya cha picha: mlango umefunguka, baba yake yuko kwenye ngazi. Kesho yake akataka kingine, nikamshusha barabarani. Kisha sokoni. Kila siku baada ya shule kiboksi kimoja, na baba akazidi kukaribia. Alipofika kwenye gereji za Buyenzi nikaanza kuogopa. Akifika kwenye karatasi, halafu hapa uani pasiwe na mtu, nitamwambia nini mwenzangu? Nikamzungusha. Nikamchorea mitaa ambayo Bujumbura haina, madaraja ya uongo, misikiti ya uongo. Na wakati mwingine, nikichora, nilisikia viatu vya mtu vikitembea nje ya ukuta wetu. Nikiweka kalamu chini, navyo vinasimama. Sikuwahi kutoka kuangalia.

Daftari likabaki na ukurasa mmoja. Rafiki yangu akauweka mbele yangu.

"We unamuzungusha," akasema. "Papa anajua njia ya kuja hapa."

Akaninyang'anya biki. Chini ya kiboksi cha mwisho, kwa ule mwandiko wake mzuri, akaandika kwa Kifaransa: feu mon père, marehemu baba yangu.

Nikajifanya sijui. "Umeandika moto," nikamwambia.

"Apana. Siku ile nilikuwa mulangoni. Nilimusikia mwalimu."

Kumbe viboksi vyote vile, kuanzia cha kwanza, alikuwa ananiomba huku anajua.