Maji Yaliyopotea Horosawa

Kwa miaka arobaini na mmoja, Suekichi Onodera alikuwa na kazi moja tu: kuhakikisha kwamba maji ya moto yanayotoka mlimani yanafika kwenye hodhi zetu mbili, ya wanaume na ya wanawake, yakiwa na moto unaomfaa mtu kuoga. Mimi nilikuwa mpishi wa nyumba hiyohiyo ya wageni, hapo Horosawa, kwenye milima ya Iwate. Miaka kumi na tisa nilimtilia supu yake ya asubuhi kabla hajapanda mlimani. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuhadithiwa na mtu.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, mzito wa maneno. Mkewe alifariki zamani, na binti yao wa pekee, Satsuki, aliolewa mjini Sendai. Kila siku, mvua au theluji, alipanda na chuma chake kirefu kwenda kukwangua mabomba. Maji yetu yalikuwa na madini mengi. Bomba likiachwa wiki moja tu lilishika ukoko mweupe kama wa sufuria ya wali, na wiki tatu lingeziba kabisa. Hakutumia kipimajoto. Alichovya kiwiko, basi.

"Leo yamekasirika," alikuwa akisema, kisha anafungua maji ya mto kidogo ili yapoe.

Wageni wetu hawakuwa watu wa starehe. Walikuwa wakulima waliokuja baada ya mavuno kukaa siku kumi au zaidi, wakiwa na mchele wao na achari zao za figili, wakaloweka migongo na magoti. Walioingia wamejikunja walitoka wamenyooka kidogo. Suekichi aliwatazama wakiondoka, na siku hizo supu aliomba bakuli la pili.

Kisha mwezi Juni, asubuhi, ardhi ikatikisika. Kwangu zilivunjika sahani tu. Maji ya moto yalitoka mekundu kama tope la matofali kwa siku mbili, halafu yakarudi meupe, tukashukuru. Tulishukuru mapema. Agosti mgeni mmoja aliuliza kama kuna dirisha limeachwa wazi, maana aliona baridi akiwa ndani ya hodhi. Septemba maji yalikuwa vuguvugu kama mate, tena machache.

Suekichi akaanza kuchimba. Alichimba juu ya chemchemi, akachimba chini yake, akafuata kila ufa wa jiwe uliotoa mvuke. Alirudi jioni viganja vimechubuka, nikawa namkatia nyama vipande vidogo kwa sababu vijiti vya kulia vilimshinda kushika. Mwenye nyumba, Mama Chizuru, mjane aliyeachiwa nyumba hiyo na wakwe zake, alimleta mtaalamu kutoka mjini. Mtaalamu alipima siku nzima kwa mashine zake, kisha akakaa jikoni kwangu na kumwambia Suekichi kwamba ufa umejifunga huko chini na maji yamejitafutia njia nyingine.

"Yamekwenda wapi?" Suekichi akauliza.

"Chini."

"Chini wapi?"

"Mzee wangu," yule mtaalamu akasema kwa upole, "chini."

Wiki moja kabla wageni wa mavuno hawajafika, boila ya kuchemshia maji kwa mafuta ya taa ilifungwa nyuma ya bafu, na ghalani yakawekwa magunia matatu ya unga mweupe wenye harufu ya kiberiti, ule wanaotia watu wa mjini kwenye maji ya kuogea ili yafanane na ya chemchemi. Mama Chizuru alimwita Suekichi jikoni.

"Kila alfajiri vibakuli viwili, kila hodhi. Koroga mpaka usionekane."

"Waambie wasije."

"Niwaambie nini, Mzee Suekichi? Watu wana miaka thelathini wanakuja hapa."

"Waambie maji yamekufa."

"Nikisema hivyo nyumba imekufa siku hiyohiyo. Wewe utakwenda wapi? Na huyu atakwenda wapi?" Akanionyesha mimi kwa kidevu.

Suekichi alinitazama. Mimi nikatazama figili zangu, nikaendelea kukata. Sikusema lolote, na hilo sijalisahau.

Basi akawa anatia unga. Alikoroga kwa ubao mrefu akiwa amegeuza uso pembeni.

Wa kwanza kufika walikuwa Mzee Genzo na mkewe Bi Yasuno, wakulima wa mpunga kutoka bondeni. Bi Yasuno alikuwa na magoti yaliyoharibika kwa kuinama kwenye matope ya mpunga tangu usichana. Mwaka huo alishuka garini akiegemea mkongojo upande mmoja na mume upande wa pili. Aliingia hodhini mara tatu kwa siku. Siku ya tano, mchana, nikasikia sauti yake kwenye kizingiti cha jiko.

"Sue! We Sue! Njoo uone!"

Suekichi alikuwa kwenye kona yake anakunywa chai. Bi Yasuno alisimama pale uso mwekundu, taulo shingoni, mkongojo hana. Akapiga hatua mpaka kwenye jiko langu, akaligusa, akageuka, akarudi.

"Msimsifie sana," Mzee Genzo akasema nyuma yake. "Ataanza kucheza, halafu mbebaji niwe mimi."

"Nani kakwambia unaweza kunibeba? Kwa mgongo huo?" Akamgeukia Suekichi, macho yamejaa furaha. "Mwaka huu maji yamezidi. Miaka yote sijapata maji kama haya. Umeyafanya nini, Sue?"

Suekichi aliinamia kikombe chake.

"Mwache, kaona haya," Mzee Genzo akacheka. "Hajazoea kusifiwa."

Suekichi aliweka kikombe chini. "Bi Yasuno, hayo si maji yetu."

"Ni ya nani basi, ya jirani?"

"Ni ya mto. Yanachemshwa kwa mafuta ya taa, kisha yanatiwa unga. Mtiaji ni mimi. Maji yetu yalikwisha tangu Septemba."

Bi Yasuno alicheka kwanza. Kisha akanitazama mimi, akingoja nicheke naye. Safari hii niliitikia kwa kichwa.

Alikaa polepole kwenye gunia la mchele. Nilidhani atatukana, na haki alikuwa nayo. Mimi nilikuwa tayari kutukanwa. Lakini alisema kwa sauti ndogo, "Sasa mbona umeniambia?"

Suekichi aliinuka kutoka kwenye kona yake.

"Mbona umeniambia, Sue? Nilikuwa natembea."

Mzee Genzo alimshika bega. "Twende chumbani, mama."

Alijaribu kuinuka, goti likakataa. Akajaribu tena. Akaomba mkongojo wake. Aliyekwenda kuuleta alikuwa Suekichi, akampa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, naye akaupokea bila kumtazama. Kesho yake waliondoka, na siku zao hazikuwa zimekwisha. Mzee Genzo alipita jikoni kuniaga, akasema hawana ugomvi na mtu. Mkewe alikuwa tayari garini.

Mama Chizuru hakumfukuza Suekichi. Alilia siku moja, akaamuru magunia yatupwe, na kwa kila mgeni aliyepiga simu akasema ukweli. Wachache walikuja kwa kumwonea huruma, wakaoga maji ya boila, hawakurudi. Februari alifunga milango. Sasa yuko Morioka, anapanga bidhaa katika duka kubwa.

Katika siku za mwisho, tukifunga vyombo kwenye magazeti, Suekichi aliniambia maneno mengi kuliko aliyonipa miaka yote.

"Yule mama alipona kwa unga."

"Alidhani amepona, Mzee."

"Alitembea. Ulimwona. Sasa miaka ile mingine alikuwa anapona kwa kitu gani?"

"Kwa maji. Maji yalikuwa maji."

"Umejuaje?"

Sikuwa najua. Aliendelea kufunga bakuli moja kwa muda mrefu, karatasi juu ya karatasi.

"Siku mke wangu anakata roho, nilikuwa juu nakwangua bomba," akasema. "Theluji ilikuwa nyingi, bomba limeziba. Walikuja kuniita. Nikawaambia namaliza kwanza, kuna wagonjwa wanangoja maji. Nilipomaliza nikashuka." Akaliweka lile bakuli sandukuni. "Nilikuwa najiambia lilikuwa jambo la lazima."

Nikamsogezea bakuli jingine.

Satsuki alimpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, pembeni mwa Sendai. Mimi nikapata kazi ya kupikia watoto wa shule. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya kwanza muuguzi alininong'oneza kwamba hakubali kuingizwa kwenye hodhi. Akibembelezwa anashika mlango, kwa hiyo wanamfuta kwa kitambaa tu. Mara ya pili alikuwa amekonda sana. Aliniuliza watoto wanapenda chakula gani, nikamtajia kimoja kimoja, naye akasikiliza kana kwamba atakuja kuulizwa.

Kisha akasema, "Bi Yasuno yupo?"

Nilikuwa nimesikia kwamba yupo, hatoki nje, anasukumwa kwa kiti. Nikamwambia sina habari zake. Alinitazama kidogo, akageuza uso upande wa ukuta, na mpaka nilipovaa koti langu hakuwa amegeuka.

Machi ya mwaka uliofuata Satsuki alinipigia simu. Kichomi kilimwua kwa siku nne tu. Niliomba ruhusa shuleni nikaenda. Pale pa kuchomea maiti tuliokota mifupa yake majivuni, kama ilivyo desturi yetu, tukiwa wanne: Satsuki, mumewe, Mama Chizuru na mimi. Haikuchukua muda mrefu. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na Mama Chizuru akaniuliza kama najua basi la kurudi stesheni linapita saa ngapi.