Orodha ya Wanaosomewa

Mjukuu wangu alirudi na karatasi ya shule akaniwekea mapajani taratibu, kama mshenga anayeleta barua ya posa. Akanieleza kwamba darasa lao zima linasoma vitabu, na kila kitabu mtoto anachokimaliza mbele ya mtu mzima, yule mtu mzima anatoa chochote, na hicho chochote kinawanunulia madaftari na viatu watoto ambao kwao hawana. "Bibi, mtu mzima wangu ni wewe," akasema.

Nikamwambia akae asome. Anasoma vizuri, hilo silifichi. Wenziwe wanaparamia maneno kama wanaparamia ukuta uliopigwa vigae vya chupa, yeye anapita tu. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini chini ya ile furaha kulikuwa na kitu kinakwaruza, nami nakijua, kwa sababu nimekaa nacho tangu niko darasa la tatu. Ni wivu. Mwanamke mzima, kichwa kimejaa mvi, namwonea wivu mtoto wa mwanangu.

Sasa nieleze ulikotoka.

Sisi tulikaa Bagamoyo, mtaa wa nyuma, wakati ule uhuru bado una harufu ya rangi mpya. Baba alikufa mimi sijaota meno ya pili. Mama alisuka mikeka na kuuza, na kilichopatikana kilikwisha siku hiyo hiyo. Mbele yetu, upande wa pili wa njia, palikuwa na duka la nguo na vyakula, na mwenye duka alikuwa na binti wa umri wangu. Tulichota maji bomba moja, tukakaa dawati moja. Yeye alivaa sare mpya kila mwaka. Mimi nilivaa ile ile, mama anaikunjua upindo kila ninaporefuka, mpaka upindo ukaisha.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara, kijana, kaptula yake imepigwa pasi ungeweza kukatia mkate. Aliona watoto wa mashambani, kule Makurunge, wanakuja bila daftari, na wengine wanaacha kwa kukosa ada. Akaona afanye jambo. Kila siku baada ya alasiri, wiki nzima, watoto wanaojua kusoma watakaa kwenye baraza za watu na kuwasomea wakubwa, kwa kuwa wengi wa wakubwa wetu walisoma herufi za Kiarabu tu. Kila kitabu kikiisha, wasikilizaji watatia chochote kwenye kopo la maziwa.

Mimi nilisoma vizuri kuliko darasa zima. Mama aliniambia mtoto asijisifu, lakini mama hayupo tena na mimi nasema kweli. Binti wa dukani alisoma vizuri pia, ila alisoma kama aliyebeba uji wa moto, anaogopa kumwaga.

Mwalimu akasimama mbele na karatasi. Akataja wasomaji. Binti wa dukani akatajwa wa kwanza. Nikangoja. Majina yakaisha, nami bado nimekaa mgongo wima, tayari kusimama. Mwalimu akageuza karatasi akasema, hawa sasa ni watoto watakaosomewa, ndio wenye fedha za kopo. Jina langu lilikuwa la tatu.

Nilimfuata nje nikamwambia mimi najua kusoma. Akasema anajua. Akanieleza kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma, kwamba anayesomewa hawezi kuwa msomaji, watu wataona anajiombea mwenyewe.

Siku ya kwanza ilikuwa baraza ya dukani. Wanawake walikuja kama wanakwenda harusini, wamefukizwa udi. Sisi wa kusomewa tukakalishwa mkekani mbele kabisa, ili watu wawaone wanaowasaidia. Mkeka wenyewe kausuka mama. Binti wa dukani akakaa kitini, akafungua kitabu cha mtoto aliyepotea sokoni.

Yule mwalimu hakujua jambo moja. Kwetu, mtoto akihitimu msahafu, hutunzwa. Muimbaji akiimba vizuri, hutunzwa. Mtu haketi kungoja mwisho. Kwa hiyo ukurasa wa pili tu haujageuzwa, shangazi wa yule binti akainuka, akaja kwa madaha, akambandika noti kwenye paji la uso. Mwingine akamfuata, na mwingine. Mtoto anasoma, noti zinamshuka puani, anapuliza ili aone maneno.

Mwalimu akafikiri watu wamekosea njia ya kopo. Akainuka, akaibandua ile noti usoni pa mtoto kwa vidole viwili, akaitumbukiza koponi. Baraza nzima ikageuka kumtazama. Kumvua mtu tunzo lake mbele ya aliyemtunza, heri ungemvua nguo.

Yule shangazi akasema, "Mwalimu, hiyo nimempa mtoto. Sikulipa kopo, maana kopo halikusoma."

Watu wakacheka, mwalimu akawa mwekundu kwa namna mtu mweusi anavyoweza. Wazee wakaingia kati. Ikakubaliwa kwamba fedha zitakwenda koponi, lakini atakayetaka kumtunza msomaji amtunze kwa nguo, na nguo ni yake. Basi ikawa hivyo. Kila siku binti wa dukani anasoma, wanawake wanamtupia kanga mabegani, mpya, bado zina wanga. Na kanga zenyewe walizinunua kwa baba yake, hatua tatu kutoka pale. Kufikia siku ya tatu alikuwa amefunikwa mpaka masikioni, unaona macho na kitabu tu. Na mimi niko chini mkekani namtazama. Sikuwa namwombea mema.

Laiti angekuwa na roho mbaya, ningepumzika. Alikuwa mwema. Jioni ile ile tulikutana bombani, akaja mbio kuniambia.

"Leo nimekusomea wewe. Vitabu viwili."

"Nani kakutuma?"

"Mwalimu kaniambia. Cha kwanza ni cha daftari lako, cha pili ni cha gauni lako la shule." Akatabasamu, na meno yake yalikuwa mazuri, Mungu amemkirimu kila kitu.

Gauni lenyewe fundi alikwisha kunipima, kabati la fundi lina karatasi yenye urefu wa mikono yangu. Niliinua ndoo yangu nikaimwaga yote miguuni pa yule binti, kanga mpya ikalowa mpaka magotini, kisha nikarudi mwisho wa foleni kuchota tena. Aliyeadhibika ni mimi.

Kesho yake mama akanituma dukani kununua bizari. Mwenye duka alikuwa anafungia bizari kwa kurasa alizozichana kwenye kijitabu. Nikasoma juu juu: kilikuwa kijitabu cha bwana mifugo kuhusu maradhi ya kuku. Nikamwomba kilichobaki. Akanipa, akasema mwisho wake umekwisha, umekwenda na bizari za watu.

Sikurudi nyumbani. Nikashuka kwa wakaanga samaki, kule sokoni, wanawake ambao mwalimu hakuwaweka kwenye ratiba yake kwa sababu hawana baraza. Nikawaamkia wote, nikawaambia nimekuja kuwasomea. Mmoja akaniuliza nitawasomea nini wao, na mikono yao ina mafuta. Nikafungua, nikaanza: kuku akianza kusinzia, akishusha mbawa, akihara kijani.

Nilikuwa nimesoma mistari michache tu, wakaacha kugeuza samaki. Wengi wao kuku waliwaishia kwa kideri, maradhi hayo hayo, mwezi ule ule. Mmoja akasema, "Huyo ni kuku wangu hasa anayesemwa." Mwingine akaepua karai ili asisikie mafuta yakichemka. Nikasoma ukurasa baada ya ukurasa, sauti yangu inatoka kama si yangu. Nikafika mahali pameandikwa kwamba tiba itaelezwa ukurasa unaofuata. Ukurasa unaofuata ulikuwa nyumbani kwa mtu, una bizari.

"Endelea mwanangu. Dawa yake nini?"

Nikatazama ukingo uliochanika. Nikasoma, kwa sauti ile ile bila kusita: chukua majani ya mwarobaini, yatwange, uyatie kwenye maji, uwanyweshe asubuhi na jioni. Nikafunga kitabu.

Wakanitunza. Senti za mafuta mafuta, vipande vya nguru vimefungwa gazetini, na mwanamke mmoja mnene akavua kanga ya kichwani, inanuka moshi, akanivisha mabegani. Harusi yangu mwenyewe haikunipa nguo iliyonikaa vile.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwekea mezani senti na samaki. Alicheka kuona samaki, kisha akaniona uso, akaacha.

"Hivi ni vya watoto wasio nacho," nikasema. "Na mimi unifute."

"Nikufute wapi?"

"Kwenye orodha. Mimi ni msomaji."

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

Akatoa karatasi, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari. Sikuondoka mpaka nilipoinama nikahakikisha mstari umepita juu ya jina langu lote, mwanzo mpaka mwisho.

Ijumaa nikakaa kitini barazani, na ile kanga ya moshi mabegani, nikasoma kitabu kizima. Walinitunza wawili. Binti wa dukani alisoma baada yangu, na sitaki kusema alitunzwa na wangapi. Lakini aliposoma sikuwa mkekani.

Mwaka ulipogeuka, mama akaenda shule kifua mbele, akijua ada yangu imo kwenye fungu la kopo. Mwalimu akamwonyesha karatasi na ule mstari. Mama alirudi, akakaa, akachukua ukili wake akaanza kusuka. Hakunipiga. Nilitamani anipige. Alisuka mpaka magharibi ndipo akasema, bila kunitazama, "Basi kiburi chako ndicho kitakachokulipia ada."

Hakikulipa. Niliishia hapo, darasa la tatu.

Na gauni lilikuwa limekwisha kushonwa. Alipewa mtoto mwingine wa Makurunge, mfupi kuliko mimi. Nilikuwa nimebeba mikeka ya mama kichwani nilipomwona njiani anakwenda shule, mikono ya gauni imemfika kwenye viganja, kwa kuwa ile ilikuwa mikono yangu. Nilimwonea wivu hata yule, maskini ya Mungu, aliyetembea maili zote zile kwa miguu mitupu.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa. Ikaja ile miaka ya sabini, watu wazima wote tukahimizwa kwenda kisomo. Balozi wa nyumba kumi akaniandika na mimi, kwa kuwa cheti sina. Nikaenda na kanga yangu na ukaidi wangu, nikamkuta mwalimu wa kisomo amesimama ubaoni: binti wa dukani. Mnene kidogo, saa mkononi, meno yale yale.

Hakuniuliza kama najua kusoma. Alinipa kijitabu akaniambia niwasomee wenzangu. Kilikuwa cha kuku, kipya, kina kurasa zake zote. Nikasoma mpaka mahali pa tiba. Hapakuwa na tiba. Paliandikwa kideri hakina dawa, kuku huchanjwa kabla, na aliyekwisha kufa azikwe au achomwe moto.

Nyuma yangu mwanamke akauliza kwa hasira, "Na mwarobaini je? Sisi sokoni tunawapa mwarobaini tangu zamani, kitabu ndicho kilichosema."

Nikasema labda kilikuwa kitabu kingine.

Darasa lilipotawanyika, binti wa dukani akabaki anafuta ubao. Akaniambia, amenipa mgongo, "Shoga, mahali hapa nilipo ndipo ulipopaswa kuwa wewe."

"Najua," nikasema.

Nilikwenda nyumbani, chakula kikanishinda. Mwezi mzima nilihudhuria kisomo, na kila alipoinua chaki, mkono wangu mimi ulisisimka.

Mjukuu wangu alimaliza kitabu, akakifunga, akaniangalia. Nikatoa noti pindoni mwa kanga, nikailamba, nikambandika kwenye paji la uso. Akashangaa, akacheka. Nikamwambia, ukimjua mtoto unayemsomea, usimwambie hata siku moja. Akauliza kwa nini. Nikasema nimesema. Na kama mtoto huyo anajua kusoma, kamwambie mwalimu wako ampe kiti na yeye.

Akaitika. Akachukua kitabu cha pili, akakohoa kidogo kama wasomaji wa redio, akafungua ukurasa wa kwanza.

Nikakiondoa mikononi mwake. "Hiki nasoma mimi," nikamwambia. "Zamu yako kutunza."

"Bibi, mimi sina hela."

"Basi ingia ndani ukatafute kanga."