Mchaichai wa Mlango wa Jikoni

Harufu ya mchaichai uliotoka kukatwa ndiyo iliyotuamsha kila asubuhi nyumbani kwetu Nyasubi, kabla ya moshi wa mkaa na kabla ya jogoo wa jirani, ambaye hakuwahi kujua saa. Mama aliyafunga fundo majani yale marefu, akayatumbukiza kwenye sufuria ya chai ya rangi. Samaki wa Chato, waliotufikia wamechoka na safari, aliwachemsha pamoja na mabua yaliyopondwa hadi shombo ikakata. Nikishikwa na mafua nilifunikwa shuka juu ya sufuria ya majani hayohayo, nikatoka nimelowa jasho na hasira. Majirani walikuja kuomba, na Mama hakumnyima mtu majani, lakini shina hakumpa mtu. Alilileta kutoka kwao Muheza, amelifunga kwa kitambaa kibichi, wiki aliyotoka kumzika mama yake. Baadaye nyumba ya Muheza iliuzwa na bustani yake ikajengwa nyumba nyingine. Kichaka kile kando ya mlango wa jikoni ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kwao.

Kiangazi nilipokuwa na miaka kumi, Mama alikwenda kujifungua akalazwa siku kadhaa, na Baba alikuwa machimboni Geita. Bibi mzaa baba akaja kutoka kijijini, upande wa Shinyanga, kukaa nami. Bibi hakuweza kukaa bure. Kwao uwanja hufagiliwa hadi udongo ung'ae, na nyasi zikiota mlangoni ni aibu ya mwenye nyumba na maficho ya nyoka. Alitaka mkwewe arudi na mtoto mchanga akute nyumba ya heshima. Niliporudi kutoka shule siku ya pili, uwanja ulikuwa mweupe kama sahani, jembe limeegemezwa ukutani, na Bibi anajipepea kwa upindo wa khanga, ameridhika kabisa. Kichaka hakikuwepo.

"Shikamoo Bibi. Mchaichai uko wapi?"

"Marahaba. Chai gani, ng'wanawane, mwanangu? Nimeng'oa manyasi tu, nikawatupia mbuzi wa jirani. Ila yalinukia! Nikasema, kumbe mjini hata manyasi yanajipaka mafuta."

Sikucheka. Mtoto hamjibu bibi yake vibaya, nami sikumjibu, lakini mchana ule nilimchukia, na sioni sababu ya kuficha hilo leo. Nilikimbia kwa mbuzi, nikakuta majani yameliwa na mengine yamekanyagwa. Katikati ya samadi niliokota vishina vitatu vyenye mizizi michache. Nilivipanda kwenye ndoo iliyopasuka mdomo, nikaiweka kivulini, kisha nikamweleza Bibi kile kichaka kilitoka wapi na kwa nini hakiwezi kupatikana tena. Aliacha kujipepea.

Maji yalikuwa ya shida. Bomba la mtaa lilitoa maji siku chache tu, na ndoo tulizojaza zilikuwa za kupikia na kunywa. Niliamua kwamba sitanawa uso. Maji yangu ya kunawa niliyamwagia vishina, nikaenda shule na tongotongo zangu, mwalimu akanirudisha kutoka mstarini, na kesho yake nikafanya vilevile. Siku ya tatu nilimwona Bibi ameinama, ananawa mikono juu ya ile ndoo, taratibu, ili tone lisianguke pembeni. Alidhani simwoni. Nikaacha kumchukia asubuhi ile.

Mama alirudi amembeba mdogo wangu. Hata kabla hajapiga goti kumsalimu mkwewe, Bibi alimshika mkono.

"Mama Neema, nimekosa. Nimeng'oa nyasi za mama yako."

Sijawahi tena kumsikia mama mkwe wa Kisukuma akisema vile. Mama alitazama mlango wa jikoni, machozi yakamjaa. Nikamletea ndoo. Vishina viwili vilikuwa vimekauka. Cha tatu kilikuwa na ncha ya kijani, fupi kama ukucha. Mama aliigusa, akanusa vidole vyake.

"Kimoja kinatosha," alisema.

"Na hakifi," nikasema mimi, kwa ukali uliomfanya Bibi acheke.

Hakikufa. Mvua zilipokwisha kilikuwa kichaka, na kwa mara ya kwanza Mama aligawa shina. Alimpa Bibi, naye akarudi nalo kijijini kwenye basi, amelipakata.

Leo naishi Geita mjini. Bomba liko jikoni, nafungua bila kufikiri, na mchaichai nanunua dukani, umekaushwa kwenye pakiti. Nimepanda miche miwili barazani ikafa kwa uvivu wangu, wala sikulia. Nikimkumbuka yule mtoto wa tongotongo naona haya. Mwaka jana mafundi walimwaga zege uwanja mzima wa Nyasubi wakafukia kichaka, na Mama akanipigia simu huku sauti inamkatika. Nilipanda basi siku hiyohiyo kwenda kwa Bibi. Sasa haoni vizuri, lakini uwanja wake bado unang'aa, hauna hata jani. Kando ya mlango tu kulikuwa na kichaka cha nyasi, kimenifika kiunoni, kinanukia.

Nilimwamkia. Akapapasa ukutani, akanipa jembe.

"Chimba wewe," alisema. "Mimi hapo sishiki jembe tena."