Chumvi ya Shela

Wiki iliyopita nilitoka Luzira nikaenda zahanati moja ya Nakawa, na kwangu mimi hiyo ni safari ya kuagwa na majirani. Mimi ni mtu wa nyumbani, ndugu yangu; nikivuka reli tu naanza kukumbuka kiti changu. Muuguzi alinifunga ule mfuko wa kupimia presha mkononi, akaujaza upepo, akasoma, akaujaza tena, halafu akaniambia kwa upole, kama mtu anayempa mtoto habari mbaya za mtihani: "Ssebo, chumvi uache."

Nikacheka. Nilicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami akasogea mwisho wa benchi. Muuguzi akangoja nimalize, akaniuliza kama nyumbani kuna mtu wa kunichunga. Kicheko kikaisha hapo hapo. Nikachukua dawa zangu nikarudi, na njia nzima masikioni mwangu maji yalikuwa yanatoa povu, blubu, blubu, kama yalivyokuwa yakifanya sebuleni kwetu zamani.

Kama hukuwahi kuingia nyumba yetu enzi hizo, ngoja nikuingize. Kabla hujavua viatu, lilikuwa linakutazama sanduku kubwa la kioo lenye samaki. Baba alikuwa dereva wa familia moja ya Kizungu kule chini kando ya ziwa. Walipohama walimwachia vitu ambavyo havikuenea kwenye kontena: zulia, pasi iliyoungua, na samaki wa rangi ya dhahabu pamoja na pampu yao. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiganda aliyekuwa akikaanga chapati langoni kwetu, alikuja kuwatazama, mikono kiunoni.

"Jjajja," akamuuliza bibi yangu, "hii samaki mnakula lini?"

"Hawa ni wa kutazamwa tu."

"Banange! Kutazama inashibisha?"

Aliliuliza swali hilo kila alipokuja kuomba kiberiti, na kila mara bibi alilicheka kama jipya.

Wale samaki tuliwapenda kwa makombo ya mkate mpaka wakafa mmoja mmoja. Akabaki mmoja tu, mwenye mkia mrefu mwepesi uliomfuata nyuma kama shela la bibi harusi. Tukamwita Shela. Kazi ya kumtunza ikanijia mimi kwa sababu rahisi: mimi ndiye niliyekuwa ndani siku zote. Wenzangu wakiwa uwanjani wanacheza mpira, mimi nilikuwa sebuleni, na wageni walikaribia kunikalia wakidhani ni kochi.

Bibi alikuwa mama yake baba. Wazee wake walikuja huku na biashara kutoka pwani wakabaki. Yeye mwenyewe alizaliwa Kampala, akaolewa Kampala, akazalia Kampala, na bahari hakuwahi kuiona hata siku moja. Lakini ukimwuliza kwao wapi, alinyoosha mkono kuelekea mashariki, juu ya ukuta wa gereza la Luzira, kama vile kwao ni nyumba ya pili tu kutoka hapo. Alipika wali wa nazi, nazi ya kuchaguliwa sokoni kwa kutikiswa sikioni. Chai aliimimina kutoka juu, mkono umenyooka, kikombe kiko chini kabisa, na tone halimwagiki. Jioni alipoliona ziwa likimetameta huko Port Bell, alisema, "Sisi ni watu wa maji ya chumvi," kwa sauti ya mtu aliyeletewa sahani isiyo yake.

Kisha presha ikamwingia. Mama, ambaye alikuwa mkwe wake na alimpenda kuliko mabinti wengi wanavyowapenda mama zao wa kuwazaa, aliambiwa zahanati kwamba bibi apunguziwe chumvi. Mama hakuipunguza, aliifukuza. Na ili bibi asijione ameadhibiwa peke yake, sote tukafungwa naye. Maharage bila chumvi, matoke bila chumvi, ngege wa kuchemsha asiye na ladha kumshinda yule wa kwenye kioo. Baba alitafuna akitazama dari. Bibi alikula taratibu, akaosha mikono, akasema, "Alhamdulillahi, nimetimiza wajibu."

Msimu wa mvua, baridi ikatanda, Shela akaugua. Alijikunyata pembeni karibu na pampu, mapezi ameyabana, mara akurupuke na kujisugua kwenye mawe. Asubuhi moja nilimkuta ametoka vidoa vyeupe mwili mzima, vidogo, kama aliyenyunyiziwa chumvi. Nikaangua kilio. Bibi akaja na miwani yake, akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Si unamwona? Mwili wenyewe unaonyesha unachokitaka. Huyu amekosa maji ya kwao."

Nyumba nzima hakuna aliyejua kwamba samaki wa aina ile ni wa maji baridi, yasiyo na chumvi, kwamba bahari ingemuua. Bibi alimwagiza baba alete kutoka soko la Nakawa chumvi ya mawe, ile wanayolambishwa ng'ombe. Mama akasimama mlangoni.

"Mama, chumvi nimekataza nyumba hii."

"Hata ya samaki?"

Mama akamtazama Shela. Akanitazama mimi na makamasi yangu. "Basi. Ya samaki tu."

Tukamuuguza kama mtu. Maji yalishinda kwenye ndoo barazani, juani, mpaka yakapoteza ule ukali wa bomba. Shela alihamishiwa kwenye beseni, beseni likawekwa ukutani jirani na sigiri ili makaa yampe joto, na juu bibi akatandika kanga kwa kuwa mgonjwa anataka giza. Chumvi aliipima kwa kiganja. Chakula alimnyima. Umeme ulipokatika na pampu ikanyamaza, bibi alichota maji kwa jagi akayarudisha kutoka juu, mkono umenyooka vilevile kama wa chai, "apate pumzi." Akichoka, nilipokea mimi. Nikichoka, alipokea mama, akimimina kwa hasira na kumwagia sakafu. Bibi alisema mgonjwa hasemeshwi sana, anakaliwa karibu tu. Basi tukamkalia.

Vidoa vikapukutika. Siku Shela alipopanda juu akafungua mdomo kudai chakula, bibi alipiga kigelegele, na jirani akaja mbio, unga wa chapati umemfika kwenye viwiko. "Nani ameolewa?" Akaonyeshwa. Akamtazama samaki, akamtazama bibi. "Kale, haya, Jjajja. Sasa amenona, mnakula?"

Sijui kama niliwahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Shela alirudi kwenye kioo chake, lakini kopo la chumvi likabaki pale juu yake. Mama alipotaka kuliondoa, bibi alisema aliyepona haachishwi dawa ghafla. Na kopo lilikuwa linaisha upesi. Baba alinunua, likaisha, akanunua tena.

"Chumvi inakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Samaki anakunywa," bibi akajibu.

"Basi huyu tutakuja kumtoa ng'onda wa chumvi," baba akasema, na tukacheka sote. Bibi alicheka kutushinda.

Alikuwa amekwisha kuanza kuvimba miguu. Viatu vyake vya Ijumaa vikamkataa, kichwa kikawa kinamgonga. Nilipomsuka nywele zake nyeupe alinitania, "Nami nimetoka vidoa, umeona?" Zahanati walimwuliza mama kama mgonjwa anafuata masharti, mama akaapa. Akapunguza na mafuta. Akaondoa nazi. Kadiri bibi alivyozidi kudhoofika ndivyo chakula chetu kilivyozidi kuwa maji, na mama alipika amefumba midomo, akisingizia vitunguu kila tulipomwona anapangusa macho.

Asubuhi moja bibi alikuwa anamimina chai. Ule mkono uliokuwa haumwagi tone ukashuka wenyewe, polepole, na chai yote ikaenda mezani. Kiharusi. Upande mmoja ukafa, maneno yakaondoka. Kitanda chake kikaletwa sebuleni, mbele ya kioo, na mkono mmoja uliobaki mzima ukawa unaonyesha kitu kimoja tu: kopo.

"Anataka Shela apewe dawa yake," mama akasema.

Nikatia chumvi kidogo. Mkono ukaonyesha tena. Nikatia. Baba akipita anatia, mama akipita anatia, sote tukishindana kumfurahisha, mpaka maji yakawa ya bahari kweli. Shela akafa ubavu juu. Baba alimtoa samaki wakati bibi amelala, akamfukia nyuma ya choo cha nje, na mama akalifunika sanduku kwa kanga. Bibi alipoamka aliinua mkono. Nami nilichota chumvi, nikainua pindo la kanga, nikaitia ndani ya maji ambayo hayakuwa na mtu. Bibi alinitazama mpaka nikamaliza. Siku baada ya siku nilifanya hivyo, na pampu inaendelea, blubu, blubu.

Bibi akafa kabla mvua hazijakatika.

Matanga yalipoisha, mama alitoa nguo zake uani kufua. Kwenye pindo la kanga ya kwanza kulikuwa na fundo, mafundo ya wazee wetu unayajua. Mama alilifungua akitegemea sarafu. Ilikuwa chumvi. Akashika ya pili. Chumvi. Ya tatu, fundo lilikuwa limelowa na kukauka mara nyingi mpaka limekuwa jiwe. Mama alikaa chini, kwenye tope. Jirani yetu akaja akakaa naye kwenye tope lile lile, na siku hiyo hakuuliza lolote kuhusu samaki.

"Lakini alikuwa anaonyesha nini?" mama alisema mwishowe. "Alikuwa anaiomba, au alikuwa anatuambia ndiyo iliyomwangusha?"

Alikuja kuuliza hivyo miaka mingi, ghafla, mwiko ukiwa mkononi, chungu kikichemka. Baba alifariki hajui, mama naye amekwenda na swali lake.

Mimi nimebaki nyumbani, kama ulivyonizoea. Lile sanduku la kioo liko langoni. Binti wa jirani amepanga chapati ndani yake, na nzi wanazitazama kutoka nje. Hakuna tena mtu wa kunyoosha mkono mashariki na kusema kwao. Bahari sijaiona. Hata ziwa, lililo chini ya mteremko tu, naliona kwa nadra.

Maharage yangu yako kwenye sigiri sasa hivi, yanachemka. Kopo la chumvi liko mezani, halina kifuniko. Sina wa kumficha.