Sahihi Yangu Katika Mkutano Ambao Sikwenda

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema hivyo kwa unyenyekevu. Kwangu ni karibu ugonjwa. Harusi ya shemeji yangu niliifuata kwa simu, na ilifanyika hapo tu ng'ambo ya bonde. Ndiyo maana majirani zangu, huku upande wa Kanyakine, hawakuamini waliposikia kwamba nimeishtaki serikali.

Chanzo kilikuwa chemchemi. Tulichota maji pale tangu enzi za nyanya zetu. Asubuhi moja tukakuta imezungushiwa seng'enge, na bango: hapa patajengwa ofisi ya idara fulani, ambayo sitaitaja. Mke wangu akaanza kuteremka hadi mtoni na kupanda tena na mtungi wa lita ishirini mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso. Wiki ya pili aliutua mbele yangu nikiwa nimekaa kibarazani.

"Baba watoto," akasema, "ni hicho kiti kimeota mizizi, ama ni wewe?"

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alifika jioni hiyo na Katiba yake, kurasa zimekunjwa pembe kama Biblia ya mhubiri. Akanionyesha: maji safi ni haki, na haki ikivunjwa, mwananchi yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu, hata kwa barua tu, bila kulipa ada ya kufungua kesi.

"Sasa kwa nini mimi?" nikauliza.

"Kwa sababu wewe hupatikana," Mwalimu akasema. "Hawa wengine wako shambani kwa kahawa, wako sokoni. Korti ikikutafuta itakukuta tu hapo."

Nikaandika barua rasmi jinsi nilivyofunzwa sekondari: anwani mbili, kichwa cha barua kikianza na MINT, yaani mintarafu, na mstari wa rula chini yake. Nikasema tumefungiwa maji yetu, tena bila hata kuulizwa. Mwalimu akaipeleka mjini. Mimi nikabaki kulinda kuku.

Idara ikajibu kwa bunda la karatasi. Eti tuliulizwa, mkutano wa wananchi ulifanyika, na orodha ya waliohudhuria ndiyo hii. Nambari kumi na saba nilikuwa mimi: jina langu, sahihi, na alama ya kuonyesha kwamba nilikula chakula cha mchana.

Korti ikiamini sahihi ile, chemchemi imeenda, na mimi ndiye nitakayeitwa aliyeiuza kwa sahani ya pilau.

"Kumbe ulienda karamu," mke wangu akasema, "na hukuniletea hata mfupa."

Lakini kesho yake yeye na Mwalimu walishuka mjini, wakatafuta wakili, na mke wangu akala kiapo cha maandishi. Nilikisoma baadaye. Aya ya nne: kwamba ameishi nami miaka kumi na tisa na hajaniona nikienda mkutano wowote, uwe wa chifu, wa shule au wa kanisa. Aya ya tano: kwamba siku ya harusi ya kaka yake nilisema mguu unaniuma. Aya ya sita: kwamba mguu haukuwa unaniuma.

"Hiyo ya sita ilihitajika kweli?"

"Niliambiwa niseme ukweli wote."

Kesi ilisikizwa kwa video, na hapo nilimshukuru Mungu. Nilikaa kwenye kiti changu kilekile, koti na tai juu, ndara chini. Wakili wa serikali akaanza kwa kusema kwamba mlalamishi ni mtu mwenye bidii katika shughuli za kijiji. Mke wangu, aliyesimama nyuma ya simu, akaangua kicheko kilichofika hadi kwa jaji.

"Mlalamishi," jaji akaniuliza, "yaliyo katika kiapo cha mke wako ni kweli?"

Jogoo akawika. Nikautazama mtungi pale mlangoni, na ile kamba yake.

"Ni kweli, Mheshimiwa."

"Yote?"

"Hata ya mguu, Mheshimiwa."

Jaji akailinganisha sahihi ya barua yangu na ile ya orodha. Hazikufanana hata kama binamu. Siku ya uamuzi akaamuru seng'enge ing'olewe, na kama idara bado inataka kujenga, ituite na kutuuliza upya, sisi wenyewe, ana kwa ana. Nilirukaruka kwa furaha mbele ya simu, na nadhani korti nzima iliziona ndara.

Sasa tunachota. Na mkutano uliitwa kweli, siku ya Jumanne, palepale kwenye chemchemi. Asubuhi hiyo nilikuta viatu vyangu mlangoni, vimepakwa rangi na kung'arishwa.

"Unajua," nikaanza, "huu mguu wangu..."

"Aya ya sita," mke wangu akasema.

Nikavaa viatu.